Freti Ikipinda, Kosa Linahamia Wapi?

Ukiliona kwa mara ya kwanza gitaa lenye freti za mawimbi, unaweza kudhani lilisahauliwa juani. Vile vyuma vya shingoni tulivyozoea kuviona vimelala sambamba kama vidato vya ngazi, hapa vinajipinda kama nyoka: vinasogea huku chini ya uzi wa tatu, vinarudi kule chini ya uzi wa pili, na hakuna freti mbili zinazopinda namna moja. Asili yake ni Uswidi, ni ubunifu wa Anders Thidell, na jina lake la biashara ni True Temperament. Mpiga gitaa Steve Vai amezitumia. Mwenzake Mattias Eklundh amezipiga kwa muda mrefu kiasi kwamba ni vigumu kumfikiria bila hizo. Mashabiki wa freti hizo wanasema kila kona ya chuma ina sababu: kila nota, juu ya kila uzi, imepelekwa mahali inapostahili kuwa. Gitaa la kawaida, wanasema, lina kosa, hili limerekebishwa.

Ugomvi wangu ni na hilo neno la mwisho. Freti hizo hazina utapeli ndani yake, na mbele huko nitazisifu. Ila gitaa lina makosa mawili yasiyo na undugu wowote, na biashara ya freti za ajabu inastawi kwa sababu wapigaji wengi hatuyatenganishi. La kwanza ni kosa la mwili: uzi ni chuma au nailoni, una unene na ugumu wake, na ukiubonyeza unavutika. Hilo linatibika, tena mara nyingi kwa gharama ndogo. La pili ni kosa la hesabu. Hilo halina dawa. Kilichopo ni kuchagua nani aumie.

Chukua gitaa, lityuni vizuri kwa tyuna, kile kifaa kinachopima sauti ya kila uzi, kisha ukamate kodi ya E meja (kodi ya muziki, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja; ya mwenye nyumba itasubiri). Usipige nyuzi zote sita. Piga mbili tu, ukizihesabu kuanzia ile nyembamba: uzi wa nne kwenye freti ya pili, ambao ni E, na uzi wa tatu kwenye freti ya kwanza, ambao ni G#. Kwa lugha ya kwaya hiyo ni do na mi. Ziache zilie. Punde utasikia kitu kinatetemeka ndani ya sauti, wa-wa-wa-wa, haraka haraka, kama mara sita na nusu kwa sekunde. Tyuna inasema nyuzi zote ziko sawa. Sikio linasema kuna jambo.

Sikio lina haki yake. Do na mi zikiwa safi kabisa, mitetemo yake huwa na uwiano wa 4 kwa 5. E ile inatetemeka mara 164.8 kwa sekunde. Zidisha kwa 5 unapata 824. G# inatetemeka mara 207.65, zidisha kwa 4 unapata 830.6. Namba hizo zingelingana, sauti ingetulia. Hazilingani, na tofauti yake, hiyo sita na ushee, ndiyo wa-wa uliyoisikia. Watu wa fani hii hupima umbali wa sauti kwa senti: oktavi moja, yaani kutoka do hadi do inayofuata, ina senti 1200, na kila freti ya gitaa la kawaida inapandisha senti 100. Do na mi safi zimeachana kwa senti 386.3. Zetu zimeachana kwa 400. Tumezidisha karibu 14.

Do na so, kwa upande wao, hawana malalamiko. Umbali wao safi ni senti 702 na freti zinatoa 700. Ndiyo maana mpiga roki akishakanyaga pedali ya distoshen, ile inayokwaruza sauti, hukimbilia zile kodi za do na so peke yake: kwenye E ya chini kabisa zinayumba mara moja tu katika sekunde tatu na nusu hivi, na distoshen haikuti uchafu wa kuukuza. Mwambie aingize mi hapo katikati, usikie matope.

Sasa turudi kwenye E meja. Legeza uzi wa tatu polepole huku ukisikiliza zile nyuzi mbili. Ule mtetemo unapunguza kasi, unakuwa mzito, kisha unakufa. Piga nyuzi zote sita. Kodi inatulia kama maji mtungini. Mara ya kwanza nilipofanya hivi niliirudia pengine mara ishirini, nikashangaa kwa nini hakuna mtu aliyewahi kunionyesha miaka yote ile. Halafu nikahamia A meja. Hapo uzi wa tatu unabonyezwa freti ya pili, nao unatoa A, oktavi ya uzi wa tano ulio wazi. Oktavi haina huruma. Ilikuwa imeshuka kwa senti zile zile 14, na ikasikika kama waimbaji wawili waliogombana njiani kabla ya kupanda jukwaani.

Ni hapo mtu anapowaza: basi uzi tuuache, tusogeze freti. Wazo zuri, na ndilo mama wa freti zote zilizopinda. Tulipime. Kwenye gitaa ambalo uzi wake una urefu wa milimita 650, freti ya kwanza ya kawaida iko milimita 36.5 kutoka kwenye mfupa wa juu, ule unaopokea nyuzi kabla hazijaingia kichwani. Tukiiacha E mahali pake na kutaka G# iwe mi safi juu yake, freti hiyo chini ya uzi wa tatu inapaswa kurudi mpaka milimita 31.6. Karibu milimita 5! Si kipimo cha kitaalamu kinachohitaji darubini. Ni upana wa penseli nyembamba.

Lakini kidole kile kile, juu ya uzi ule ule, freti ile ile, kinatumika pia kwenye F maina, ile kodi ya kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote ambayo kila mwanafunzi huilaani mwaka wake wa kwanza. Humo nota ile inaitwa A♭ na ina kazi nyingine kabisa. Juu ya F inatakiwa iwe tatu ndogo, uwiano wa 5 kwa 6, senti 315.6, wakati freti za kawaida zinatoa 300. Ili itulie humo, freti ingetakiwa kuwa milimita 42 kutoka mfupa wa juu. Yaani chuma kimoja kinadaiwa kuwa mahali pawili palipoachana kwa zaidi ya sentimita moja. Ukikivuta kuelekea 31.6, E inang'aa na F maina inaoza. Ukikivuta kuelekea 42, kinyume chake. Ukikiacha 36.5, kila mmoja ananung'unika kidogo na hakuna anayelia. Huo mgawanyo sawa wa senti 100 unaotukanwa kila siku ni mapatano ya aina hiyo tu, na hauna siri nyingine.

Wala hatukuhitaji kufika kwenye freti kuliona tatizo. Tyuni nyuzi zenyewe zikiwa wazi, kwa sikio, kila jozi iwe safi bila kuyumba. Kutoka E ya chini kwenda A, kisha D, kisha G: kila hatua ni do na fa, uwiano wa 3 kwa 4. Kutoka G kwenda B: do na mi. Kutoka B kwenda E ya juu: do na fa tena. Umefanya kila kitu kwa uaminifu. Sasa linganisha E mbili za pembeni, ambazo zinapaswa kuachana kwa oktavi mbili, yaani ya juu itetemeke mara 4 ya ile ya chini. Utapata mara 3.95. Umepungukiwa senti 21.5, zaidi ya moja ya tano ya freti nzima, na hujabonyeza hata uzi mmoja. Senti hizo 21.5 haziondoki. Unaweza kuzirundika mahali pamoja au kuzigawa kidogo kidogo, na historia yote ya freti ni historia ya mabishano juu ya namna ya kuzigawa.

Wapiga lute, chombo cha nyuzi cha jamii ya gitaa, wa karne ya 16 waliishi na jambo hili kwa amani kuliko sisi, na sababu ni ya kifundi zaidi kuliko ya kifalsafa: freti zao zilikuwa za utumbo wa mnyama, zimezungushwa shingoni na kufungwa kwa fundo. Fundo linasogezeka. Wimbo ukidai G# iliyoshuka, freti inasukumwa nyuma kabla ya kuanza. Wengine walibandika vifreti vidogo vya ziada chini ya uzi mmoja au miwili, Waitaliano wakiviita tastini, ili G# na A♭ kila moja ipate nyumba yake. Nadhani tulipopigilia freti za chuma kwenye mbao tulipata sauti kali na uimara, tukapoteza hiyo ruhusa ya kubadili mawazo.

Vincenzo Galilei, mpiga lute na baba yake Galileo, alipendekeza mwaka 1581 njia rahisi ya kupanga freti kwa usawa: kila freti ikate sehemu moja ya 18 ya uzi uliobaki mbele yake. Miaka mitatu baadaye huko China mwanamfalme Zhu Zaiyu alikokotoa mgawanyo sawa kwa usahihi mkubwa, lakini mafundi wa gitaa walibaki na 18 kwa karne nyingi, kwa sababu ni namba unayoweza kuifanyia kazi kwa bikari na penseli. Leo tunatumia 17.817. Ukifuata 18 kwenye uzi wa milimita 650, freti ya 12 inaangukia milimita 322.6 badala ya 325, na oktavi inapungukiwa kama senti 12 na nusu. Kwenye karatasi hilo ni kosa la aibu. Kwenye chombo likawa nusu ya bahati, maana uzi ukibonyezwa unavutika na sauti inapanda, na freti iliyobaki nyuma kidogo inameza sehemu ya kupanda huko. Kosa la hesabu lilikuwa linafunika kosa la mwili bila mtu kuliomba.

Na hilo kosa la mwili ndilo linalowasumbua wapigaji wengi zaidi, hata wale wanaodhani wanasumbuliwa na hesabu. Tazama gitaa lolote la nyuzi za chuma kwenye briji, pale nyuzi zinaposhikizwa tumboni: ule mfupa wa briji umelala mshazari, nyuzi nene zikiwa ndefu kidogo kuliko nyembamba. Fundi amerefusha uzi makusudi ili kufidia kupanda kwa sauti unapobonyeza. Kwenye gitaa la umeme kuna skrubu sita za kazi hiyo hiyo, na ukisikia mtu anasema anarekebisha "intonesheni" ndizo anazozizungusha mpaka freti ya 12 ikubaliane na oktavi. Shida ni kwamba tiba hiyo imetolewa upande mmoja wa uzi. Karibu na briji mambo yanakaa sawa. Karibu na mfupa wa juu, freti ya kwanza mpaka ya tatu, sauti bado inapanda, hasa kama mifereji ya mfupa huo iko juu na kidole kinalazimika kuukandamiza uzi mbali kabla haujagusa chuma.

Hili nililijua kwa fedha zangu. Nilikuwa na gitaa ambalo kodi ya F haikuwahi kukaa, na fundi mmoja akanishauri tubadilishe freti zote. Tukabadilisha. F ikabaki vilevile, ila sasa ikiwa inang'aa. Fundi wa pili hakugusa freti. Alibonyeza uzi kwenye freti ya tatu, akachungulia nafasi iliyobaki juu ya freti ya kwanza, akaguna, akachukua tupa nyembamba na kuchimba mifereji ya mfupa wa juu kidogo kidogo. Haikuchukua dakika ishirini. F ikakaa.

Kuna waliokwenda mbali zaidi kwenye mfupa huo huo. Mpiga gitaa Buzz Feiten ana mfumo unaousogeza kuelekea freti ya kwanza na kuambatana na namna yake ya kutyuni; kampuni ya Earvana wanauza mfupa wenye vidato, kila uzi ukianzia mahali pake. Na James Taylor, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, hakununua chochote. Anatyuni kila uzi chini ya alama ya tyuna kwa kiasi tofauti: E ya chini senti 12, A senti 10, D 8, G 4, B 6, E ya juu 3. Hesabu hiyo inafuata tabia ya mwili: nyuzi nene zinapanda zaidi zinapobonyezwa na zinapopigwa, basi zianze chini zaidi. Kwa masikio yangu, rekodi zake zina gitaa lililotulia kuliko magitaa mengi ya bei mbaya yenye freti za kisasa, na freti zake ni vyuma vilivyonyooka kama vya kila mtu.

Freti za mshazari, zile zilizotawanyika kama fito za kipepeo cha mkono, nazo huingizwa kwenye mjadala huu kwa kosa. Ralph Novak alipata hataza yake mwaka 1989, ingawa freti za mshazari zilikuwapo Uingereza kwenye orpharioni, chombo cha nyuzi za waya cha zama za lute. Zinachofanya ni kuupa uzi mnene urefu zaidi, tuseme milimita 686, na mwembamba 648, ili wa chini usilegee na sauti yake isiwe ya kamba ya kuanikia nguo. Uzi mrefu uliokazwa vizuri unapanda kwa senti chache zaidi unapobonyezwa, na mitetemo yake ya juu inapangika vyema, kwa hiyo usahihi unaongezeka kidogo kwa mlango wa nyuma. Do na mi zinabaki senti 400 vilevile. Anayezinunua akitumaini E meja itamtulia atakuwa amenunua dawa ya mguu kwa ajili ya jino.

Basi freti za mawimbi. Sifa zake kwanza, kama nilivyoahidi. Kwa kuwa chuma kinapinda kwa kila uzi peke yake, kinaweza kulitibu kosa la mwili freti kwa freti, jambo ambalo briji na mfupa wa juu haviwezi kulifanya hata vikishirikiana. Niliwahi kulishika gitaa moja la aina hiyo kwa muda mfupi tu. Kidole kilisahau mawimbi baada ya dakika tano. Macho yalichelewa zaidi. Kilichonigusa kilikuwa ni ile hali ya kodi moja kusikika na tabia ile ile shingoni chini na juu, kama mtu anayekuwa na adabu hata wageni wakiondoka.

Lakini ndani ya chuma hicho hicho, kwenye ile mipangilio yao isiyo ya senti 100 kamili, kuna uamuzi mwingine uliokwisha kufanywa kwa niaba yako: ufunguo upi (yaani nota ipi wimbo uifanye do yake) upate do na mi tulivu zaidi na upi ulipie. Kwa kawaida zinazopendelewa ni funguo ambazo gitaa huzipenda, na za mbali ndizo zinazobeba mzigo. Ni uamuzi wa busara. Ninachokikataa ni kuuita usahihi. Mtu mwenye gitaa hilo akiambiwa na mwimbaji "tushushe tucheze A♭" ataingia kwenye mtaa ambao fundi aliuacha bila taa, na atadhani ni mikono yake.

Kuna mengine ya kifundi yasiyotajwa sana kwenye matangazo. Mawimbi yamepimwa kwa nota fulani kuwa juu ya uzi fulani. Ukiushusha uzi wa sita kutoka E kwenda D, kila nota yake imehama freti mbili na marekebisho yake hayakuhama nayo. Ukitumia kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, umbo la C unalolijua halitoi tena C, na ufunguo mpya una mizani yake. Na freti zikilika, kuzisawazisha na kuzichonga upya si kazi ya kumpa yeyote mwenye tupa. Hakuna hata moja kati ya haya linaloliua wazo. Yanaonyesha tu kwamba gitaa limeacha kuwa chombo cha kila kitu, likawa chombo cha kitu fulani.

Kama ni hivyo, napenda zaidi wale waliokiri hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1829 Thomas Perronet Thompson, Mwingereza aliyekuwa askari na baadaye mbunge, alichapisha maelekezo ya gitaa lake la enharmonia, lililotengenezwa na Panormo wa London, ambalo ubao wake wa shingo ulikuwa na matundu ya kuchomeka vifreti vidogo pale unapovihitaji. René Lacôte wa Paris alitengeneza mwaka 1852 gitaa lenye freti za kurekebishika. Karne iliyofuata Mjerumani Walter Vogt akazikata freti vipande vipande, kila kipande chini ya uzi wake, kikiteleza kwenye mfereji. Na mwaka 2008 Tolgahan Çoğulu wa Uturuki akaliendeleza wazo hilo ili apate kupiga makam, mizani za muziki za kwao, kwenye gitaa la nailoni: kila uzi una mfereji wake, unaongeza kifreti, unakitoa, unakisukuma kwa milimita unayoitaka. Mwaka 2014 likashinda shindano la Guthman la ala mpya huko Georgia Tech, Marekani. Baadaye akatoa toleo ambalo vifreti vyake vimesimama juu ya vibao vya Lego. Wazo lilianzia kwenye mchezo wa mwanawe, na kwangu hilo linalipa sifa zaidi, halilipunguzii.

Gitaa la Çoğulu halidai kusahihisha. Linakuuliza: leo unapiga nini? Ni usumbufu, ndiyo. Kabla ya wimbo unakaa na vipande vyako kama mshonaji na pini. Lakini usumbufu huo ndio ukweli wa jambo lenyewe uliotolewa hadharani, badala ya kuyeyushwa ndani ya chuma na kuuzwa kama ufumbuzi.

Wapo pia wanaokimbilia kuongeza freti. Hapa tahadhari moja ya haraka: freti 24 kwa oktavi, kama zile ambazo bendi ya King Gizzard & the Lizard Wizard ilizitia umaarufu, hazisaidii do na mi hata kidogo, kwa sababu ile ya senti 400 bado imo palepale na jirani yake mpya yuko senti 350. Zinakupa nota mpya, ladha mpya, na hilo ni jambo jema, ila ni mjadala mwingine. Kwa freti 31 kwa oktavi hadithi inabadilika: do na mi inafika senti 387, chini ya senti moja kutoka kwenye usafi kamili, na do na so inashuka kama senti 5 kulipia. Bei yake iko kwenye vidole. Kwenye uzi wa milimita 650, freti zinapokaribia oktavi zinaachana kwa milimita 7 tu, na mwenye kidole kinene anaanza kuombea.

Mimi, baada ya hesabu zote hizi, nilifanya jaribio la kimaskini kwenye gitaa langu la nailoni. Nilikata kijiti kigumu cha mwanzi, nikakichonga kiinuke juu kuzidi freti kwa unene wa kucha, nikakibandika chini ya uzi wa tatu peke yake, milimita 5 nyuma ya freti ya kwanza. Tastino ya karne ya 16, kwa gundi ya kawaida. Kodi ya E ikawa ile ya maji mtungini, na safari hii A haikuharibika, maana uzi wenyewe sikuugusa. Wiki nzima nilipiga nyimbo za E tu. Nilitafuta visingizio vya kupiga nyimbo za E.

Kisha rafiki mmoja akaja na wimbo wake wenye F maina katikati ya kiitikio. Nikalaza kidole, uzi wa tatu ukakaa juu ya mwanzi badala ya chuma, A♭ ikashuka mpaka karibu senti 30 chini ya pale ilipotakiwa, na rafiki yangu akaacha kuimba akanitazama. Nilikibandua kijiti kwa ukucha tukaanza upya. Alama ya gundi bado ipo.